Mashine Yako Isipakwe Mafuta

Naliaka,

Leo jioni shangazi yako Nasimiyu alipiga simu kutoka Kanduyi, ukaiweka kwa spika katikati ya meza, tukamsikiliza sote watatu, mimi, wewe na baba yako, huku ugali ukipoa. Alisema chumba chako cha studio huko unakohamia kimepakwa rangi, viti vya wageni vimepatikana, na Jumamosi askofu atakuja kuiweka wakfu kompyuta yako. Kisha akaongeza kwa ile sauti yake ya kutangaza zawadi: "Na hiyo maji ya kwanza ataweka yeye mwenyewe, pamoja na mafuta ya upako. Rakini usijaze kabra hajafika, umesikia?"

Nawe ukasema, "Sawa, shangazi."

Baba yako akasema amina. Mimi nikaendelea kutafuna sukuma wiki kana kwamba sikusikia. Ndiyo maana naandika. Nikifungua mdomo nitapiga kelele, na mimi nikipiga kelele wewe hukimbilia kuosha vyombo, na vyombo vya nyumba hii vimeshaoshwa vya kutosha kwa sababu yangu. Karatasi haipigi kelele. Kesho asubuhi, kabla hamjapakia mizigo, utaisoma kwa utulivu wako.

Sitakuambia ufunge mlango usiku, wala uchague marafiki, wala usisahau sufuria kwenye jiko. Kama mpaka leo hujui hayo, basi miaka yote hii nimekuwa nikilea gogo. Shangazi yako atakupa mawaidha hayo bila kuulizwa, anayo mengi na hajapata wa kumpa. Mimi nakuandikia juu ya kompyuta, kwa sababu ni kitu ambacho tumegombana juu yake kwa dhati, na kwa sababu Jumamosi unaweza kuipoteza mbele ya watu wanaokupenda, huku wakiimba.

Nianze na ugomvi wetu wa kwanza. Ulipoamua kwamba mashine yako ya kuhariri video itapozwa kwa maji, ulinijia na picha kwenye simu. Sanduku la kioo pande tatu. Taa za kila rangi. Maji ya waridi, yanayofanana kabisa na ile juisi ya harusi ambayo huwa naimwaga kwenye maua wakati bibi harusi anakata keki. "Mum, si ni safi?" ukaniuliza. Nikakuuliza kama unafungua studio au saluni. Ukanuna. Sijutii hata kidogo. Nilimtazama yule kijana wa kwenye video uliyekuwa ukimfuata, amevaa glavu nyeupe kama daktari wa upasuaji, anaelekeza kidole kwenye mabomba yake ya kioo na kusema jinsi yanavyopendeza macho, nikajua huyo hajawahi kumkabidhi mtu video ya mazishi ya mama yake. Watu kama hao hawatengenezi mashine ya kazi. Wanatengeneza tanki la samaki, halafu wanasahau samaki.

Lakini ulibadilika, na nitakusifu mara moja tu, kwa hiyo soma polepole. Uliachana na maji ya waridi ukachagua maji meupe yasiyo na kitu, yale ya chupa yanayouzwa petroli stesheni kwa ajili ya betri. Uliacha mabomba magumu ya kioo ukachukua mipira laini, inayoweza kustahimili barabara ya kutoka hapa Kitale mpaka Bungoma bila kupasuka. Uliweka pampu chini ya tanki, ili isije ikazunguka bila maji na kujiunguza. Na uliweka koki ya kumwagia maji sehemu ya chini kabisa. Hiyo koki ndiyo iliyonifurahisha. Wajinga wote huisahau, mpaka siku wanayolazimika kuinamisha mashine nzima juu ya karai kama watu wanaoogesha mbuzi.

Na sababu yako ya kutaka maji ni ya mtu mwenye akili, tofauti na yule wa glavu. Chumba chako kiko chini ya mabati matupu, na joto la Kanduyi si baridi yetu ya huku ambako watu wanavaa sweta mchana. Humo humo utakuwa unarekodi sauti za watu wakisoma wasifu wa marehemu. Mashine ikipata joto, feni zake zinanguruma, na ngurumo inaingia kwenye sauti. Unahitaji mashine yenye nguvu na iliyonyamaza. Mtu wa namna hiyo nimemtafuta maisha yangu yote pia, sijampata.

Mimi nilijifunza hayo yote kwa njia ya kipumbavu. Studio yangu ya kwanza hapa mjini ilikuwa imeshikana ukuta na posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Uliwahi kuiona ukiwa mdogo, ingawa labda unachokumbuka ni unga tu. Unga ulikuwa kila mahali. Uliingia kwenye nywele, kwenye chai, na ndani ya kompyuta ukakaa kwenye feni mpaka zikawa zinazunguka kwa shida kama ng'ombe wenye tope miguuni. Nikitoa video ya mazishi, nyuma ya sauti ya msomaji kunasikika mngurumo mrefu, ungedhani marehemu alizikwa kando ya kinu. Familia moja iliniuliza kwa upole kama kulikuwa na trekta makaburini.

Ndipo nikaamua kuweka maji. Na nilikuwa na wazo moja kichwani, la kitoto kabisa, kwamba maji yatafukuza feni. Nilidhani maji yanalimeza joto na hadithi inaishia hapo. Wapi! Maji hubeba tu. Yanalichukua joto kutoka kwenye kile kipande cha shaba kilichokaa juu ya prosesa na kulipeleka mpaka kwenye rejeta, kipozeo chenye mapezi kama kile cha gari, na rejeta nayo inataka feni za kuipuliza. Nilizifukuza feni mlangoni zikaingia dirishani. Tofauti ni kwamba sasa ni kubwa na za polepole, kwa hiyo kelele inapungua, lakini unga hauna habari na mipango yako. Ule uliokuwa ukiingia kwenye feni uliingia kwenye mapezi ya rejeta. Hata wewe, vumbi la barabara ya Kanduyi litakufuata. Usije ukaniambia mashine ya maji haihitaji kupanguswa.

Rejeta yenyewe niliinunua Lwakhakha, mpakani na Uganda. Nilikuwa nimetoka kupiga picha za harusi upande ule wa mpaka, nikaiona kwenye kibanda cha mtu anayeuza simu, redio na dawa ya panya. Iling'aa. Nikamuuliza, "Hii ni alumini ama ni shaba?"

"Hiyo ni original, mama."

"Nimekuuliza ni ya chuma gani."

"Mama, chuma ni chuma. Hata Kampala wanatumia tu hii. Mama, wewe chukua, utanishukuru."

Nilichukua. Niliichukua kwa sababu iling'aa, na kwa sababu aliniita mama kwa heshima. Mtu anayekujibu mama kila unapomuuliza swali, shika pochi yako na uendelee na safari. Ilikuwa alumini. Kipande changu cha juu ya prosesa kilikuwa shaba. Ukiweka hizo mbili katika maji mamoja zinaanza kulana, polepole, bila kelele, kama ndugu wanaogombea shamba. Maji yangu yaligeuka yakawa kama maji ya kuoshea mchele, na njia za rejeta zikazibwa na uji mweupe. Nilipoifungua nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimejiona mtaalamu, nikijipiga kifua mbele ya kila mtu mwenye kamera hapa mjini, kumbe sijui hata kuuliza swali mara mbili. Nikaitupa, nikatafuta rejeta ya shaba. Wewe hukulazimika kutupa chochote, kwa sababu nilikusimamia kama askari mpaka ukanunua vyuma vya aina moja. Ukaniita dikteta. Ni sawa.

Baada ya hapo mashine yangu ilikuwa nzuri, Naliaka. Ningependa uamini hilo. Ilikuwa nyeusi, mbaya kwa sura, na kimya. Nilikuwa naketi mbele yake nasikia kinu cha jirani tu, na yenyewe siisikii.

Kisha baba yako akataka iombewe.

Baba yako ni mzee wa kanisa na ni mtu mwema, hilo sitalikataa hata nikiwa na hasira. Lakini kila kitu katika boma hili kimeombewa. Ng'ombe waliombewa, trekta liliombewa, tanki la maji ya mvua liliombewa, hata ile pikipiki iliyoibwa wiki iliyofuata. Akasema si vizuri chombo cha riziki kikae hivi hivi. Nikakubali shingo upande. Nilifikiri watasimama mlangoni, waseme maneno mawili, wanywe soda na kwenda zao.

Walijaa chumba chote. Kina mama wa kwaya walisimama mpaka kwenye taa zangu za kupigia picha, mmoja akaegemea kitambaa changu cheupe cha nyuma kikaanguka. Mchungaji wetu wa wakati huo alikuwa mtu wa sauti nene na subira nyembamba. Aliizunguka mashine, akainama, akaona tanki na maji yanavyopita.

"Mama Naliaka, sasa moyo ya hii kitu iko wapi? Ni hapa maji inazunguka?"

"Ndiyo, mchungaji," nikasema, kwa majivuno, mjinga mimi.

"Fungua hapo basi."

"Mchungaji, hapo ni maji tu, haitakiwi kitu kingine."

"Ah, si ni kidogo tu, mama. Ati unaogopa mafuta ya Bwana?"

Kina mama wakacheka. Baba yako akanitazama kwa yale macho yake ya kuniomba nisimwaibishe. Na mimi, Naliaka, mimi ambaye sokoni hakuna anayethubutu kunipimia viazi bila kunitazama usoni, nikakizungusha kifuniko na kukifungua. Nilikishika kiganjani. Mchungaji akamimina, na haikuwa kidogo. Mafuta yakatengeneza duara la manjano juu ya maji, likaelea pale kwa utulivu, kisha pampu ikalivuta chini. Wote wakasema amina. Mimi nilitabasamu na kukirudisha kifuniko mahali pake, halafu nikawapakulia chapati.

Usifikiri sikujua. Mtoto yeyote aliyewahi kuosha sahani anajua mafuta na maji hayapatani. Ambalo sikulijua ni juu ya zile pete ndogo za mpira zilizo ndani ya kila kiungio, zinazozuia maji yasitoke. Zinastahimili maji ya moto miaka na miaka, ila mafuta haziyawezi. Hufura, hulegea, zikawa laini kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Pampu ilianza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Mipira ikaingia ukungu. Niliyaona hayo na nikayaacha, kwa kuwa ulikuwa Agosti, mwezi wa tohara, vijana wanaotahiriwa wanacheza na njuga kila kijiji, na kila baba anataka mwanawe aonekane kwenye video akiwa shujaa. Sikuwa na nafasi ya kusimamisha kazi.

Kiungio kilichokuwa juu ya kadi ya picha ndicho kilichoachia. Maji yalidondoka kwenye kadi, yakatiririka mpaka chini ya sanduku, na huko chini ndiko nilikokuwa nimelaza diski. Nilirudi kutoka kazini nikakuta harufu ya plastiki iliyoungua na kimya ambacho sicho kile nilichokuwa nikikipenda.

Ndani ya diski ile kulikuwa na mama mmoja mzee wa Naitiri. Watoto wake walikuwa wameniita akiwa hai bado, nikamrekodi ameketi mbele ya ghala lake la mahindi akieleza kila mtoto alizaliwa wapi na mvua ilikuwa ya namna gani siku hiyo. Kisha akafa, nikarekodi na mazishi. Nilikuwa sijaweka nakala mahali pengine, na kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta ili nipate nafasi ya tohara. Hapo usinitetee. Mtu anayefuta kabla ya kunakili hastahili kushika kamera, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine kushika kamera.

Watoto wake walikuja wote. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nikitukanwa huwa najua la kufanya. Kifungua mimba wao, mwanamume mzima mwenye mvi, alinitazama tu, akasema, "Mama, si ungetuambia tu hiyo mashine ni mgonjwa. Hiyo sauti tungerekodi hata na simu." Kisha wakaondoka. Mpaka leo nikiwaona watu wa Naitiri mimi hupita upande wa pili wa barabara.

Sasa sikiliza walivyosema watu wa kanisa. Mchungaji alisema ni vita vya kiroho. Baba yako alisema ni umeme uliruka. Wale kina mama waliokula chapati zangu walisema labda imani yangu ilikuwa haba. Imani yangu ilikuwa nzima! Kilicholegea ni mpira! Hakuna hata mmoja aliyesema, "Tulimwaga mafuta kwenye mashine ya mtu." Hilo hawatalisema mpaka parapanda ilie. Askofu wa shangazi yako akimaliza Jumamosi atapanda gari lake, na mashine ikifa baada ya mwezi, yeye atakuwa Webuye anaibariki bucha.

Unajua nina dharau. Umeniambia mara nyingi, "Mum, wewe hakuna mtu unaheshimu." Si kweli, lakini si uongo sana pia. Namdharau yule wa Lwakhakha na original yake. Namdharau kijana wa glavu. Shangazi yako simdharau, namwogopa, ila viti vyake vya wageni nimevidharau tangu nilipovisikia. Lakini wote hao ukiwaweka pamoja, hawafikii dharau niliyonayo kwa yule mwanamke aliyesimama na kifuniko kiganjani akitabasamu. Yeye alijua. Na alifungua kwa mkono wake mwenyewe, ili watu wasimwone hana adabu.

Usinielewe vibaya, ukaenda kunisema kwa baba yako kwamba mama amepotea. Mungu namwomba kila siku, na nitakuombea kesho mkiondoka. Ninachosema ni kwamba Mungu hana haja ya kupitia kwenye tanki. Waimbe mpaka mabati yatikisike. Wakuwekee mikono kichwani. Askofu akitaka kupaka mafuta, akupake wewe kwenye paji la uso, ngozi yako haitavuja. Apake mlango, apake meza, ampake na shangazi yako kama atatulia. Maji usimwachie mtu. Utayajaza mwenyewe, uwashe pampu peke yake huku vitu vingine vyote vimezimwa, utandaze tishu chini ya kila kiungio, na uache izunguke usiku kucha kabla ya kuipa kazi. Tishu ikiwa kavu asubuhi, umeingia kazini.

Haya yote unayajua. Ulinifundisha mengine wewe. Basi naogopa nini?

Siogopi wezi wa Kanduyi. Siogopi wanaume wa huko, nimekuona ukiwafukuza wa huku. Naogopa adabu yako, Naliaka. Naiogopa kwa sababu mimi ndiye niliyeitia ndani yako. Ulipokuwa mdogo, tulienda kwa watu ukakataa uji, ukasema wazi wazi kwamba una moshi, na ulikuwa na moshi kweli. Nilikufinya pajani chini ya meza mpaka ukaunywa wote na kusema asante. Nilijivuna njia nzima ya kurudi. Nilikufinya mara nyingi baada ya hapo, mpaka siku moja nikagundua sina haja ya kukufinya tena, umeshakuwa mtu wa kusema sawa kabla hujaulizwa.

Unaikumbuka ile pampu ya Bungoma. Ulienda kununua moja ukarudi na nyingine, dhaifu, yenye taa, ambayo hukuitaka. Nikakuuliza kwa nini. "Mum, yule msee wa duka alikuwa ameshaitoa kwa boksi, sasa ningemwambia nini?" Ungemwambia hapana, Naliaka. Ni neno dogo, lina herufi chache, halihitaji spana. Lakini nilifanya nini? Niliichukua pampu mkononi, nikaenda nayo Bungoma mwenyewe, nikapiga kelele dukani mpaka wapita njia wakasimama, na nikarudi na ile uliyoitaka. Ulinikumbatia. Nami nikajiona mama wa kupigiwa mfano.

Nimefanya hivyo mara ngapi? Nilikataa kwa niaba yako shuleni, dukani, kanisani, na kwa yule mchumba mwenye mdomo. Kila ulipotakiwa kusema hapana, ulinitazama, nikaisema mimi. Najua kuisema vizuri, naifurahia. Nimekuzuia usiijaribu hata mara moja.

Wiki hii nilizunguka nikitafuta kifuniko cha tanki kisichofunguka kwa vidole, kinachotaka spana ndogo ya pembe. Nilikipata, umekiona, umekifunga mwenyewe. Nikajiona mjanja kweli kweli. Kisha leo, baada ya ile simu, nikakuona kichwani mwangu: askofu ananyoosha mkono wake, nawe unamuuliza, "Nikuletee spana?" Nilifikiri pia nikuambie ujaze maji Ijumaa, uwadanganye kwamba mashine haikuweza kungoja. Shangazi yako atasema, "Basi ongeza tone tu juu." Nawe utaongeza. Nimetafuta kipande cha kukataa badala yako katika kila duka na kila mtandao, mwanangu. Hakitengenezwi.

Kwa hiyo nimeamua jambo, na hutalipenda. Baba yako na dereva wa pikapu wanajua kwamba kesho nasafiri nanyi. Nguo zangu za Jumamosi nimeshazipiga pasi. Nilikuwa nimepanga kusimama kati ya askofu na mashine yako kama ukuta, na jibu langu nilikuwa nimelifanyia mazoezi jikoni, lilikuwa tamu, lingemnyamazisha shangazi yako mpaka Krismasi.

Siendi. Nikienda, nitasema mimi, na watasema ni yule mama yake mwenye mdomo, binti hana neno. Mashine itapona siku hiyo. Halafu nitarudi Kitale, nawe utabaki Kanduyi na watu wenye chupa, na si zote zitakuwa za mafuta. Inaniuma kuandika hivi. Nakupenda kuliko ninavyojua kusema bila kutukana mtu, na ingekuwa rahisi zaidi kwangu kuja kugombana. Mtanikuta kesho nimevaa nguo za nyumbani. Usinibembeleze mbele ya baba yako.

Jumamosi askofu atakapokuambia ufungue, simama wima na mikono yako iwe mitupu. Sema, "Hapana, baba askofu. Hapo hapafunguliwi." Iseme kwa sauti ambayo kina mama wa nyuma wataisikia. Watanyamaza. Kimya hicho ni kirefu, nakijua, na mimi sikukiweza. Wewe kaa ndani yake. Usicheke, usieleze, usinitafute mlangoni, sitakuwepo. Kikiisha, wakaribishe chai.

Mama yako